Besi ya Mwalimu Kaimenyi

Siku tatu baada ya mwili kupatikana, Inspekta Nelius Rwamba alikuwa bado na mtuhumiwa mmoja tu, na hakuamini kwamba ndiye.

Mtuhumiwa aliitwa Njuki, mtunza kanisa wa kigango cha Ruiri, mzee wa miaka sitini na miwili. Jumapili saa moja asubuhi alifungua kufuli ili afagie kabla ya Misa, akamkuta Mwalimu Kaimenyi amelala sakafuni chini ya ngazi iendayo kwenye roshani ya kwaya. Alimwinua, akamlaza kwenye benchi, akapiga magoti kumwombea. Alipokwisha kuomba ndipo akamwita katekista. Polisi walipofika, koti la Njuki lilikuwa na damu mpaka kwenye viwiko.

Mambo yaliyomweka seli yalikuwa machache lakini mazito. Kanisa lilikuwa limefungwa kwa nje. Funguo zilikuwa mbili, mmoja wa Njuki na mwingine wa Mwalimu, na ule wa Mwalimu haukuonekana mfukoni mwake wala popote kanisani. Tena wawili hao walikuwa wamegombana hadharani. Njuki alikuwa ameweka magunia ya mahindi kwenye roshani, mchwa wakapanda nayo, na mchwa hao wakala kitabu ambacho Mwalimu alikipenda kuliko kitu chochote alichokuwa nacho.

Ripoti ya daktari ilikuja Jumanne. Nyonga ya marehemu ilivunjika, taya la chini lilipasuka, na damu ilimvuja ndani kwa ndani. Daktari alikadiria kwamba aliishi saa nane au zaidi baada ya kuanguka. Rwamba aliuliza swali moja tu: je, kama angepelekwa hospitali jioni ile? Daktari alijibu kwamba angetembea kwa mkongojo, lakini angetembea.

Mke wa Mwalimu, Gladwell, hakumtafuta usiku ule kwa sababu Jumamosi nyingine mazoezi ya kwaya yakichelewa Mwalimu alilala kwa nduguye hukohuko Ruiri. Simu ya Mwalimu ilikuwa dukani ikichajiwa, kwani kanisani hakuna umeme. Basi mtu mmoja alifunga mlango, Mwalimu akiwa ndani hai, na Rwamba hakuona ni kwa nini Njuki afunge halafu arudi asubuhi kulia.

Jumatano saa moja na nusu asubuhi alikuwa Kaaga, mjini Meru, katika chumba cha muziki cha shule moja, ameketi kwenye kiti cha mwanafunzi. Mbele yake alikaa Karwirwa, mwalimu wa muziki, ambaye pia aliimba sauti ya pili katika kwaya ya Ruiri. Ndiye aliyepiga simu jana yake na kusema kuna jambo ambalo polisi wanapaswa kulisikia kwa masikio.

Kwanza ilimbidi aeleze habari ya wimbo wenyewe, maana Rwamba hakujua kusoma noti. Ulikuwa utenzi wa Kilatini wa kumsifu Mama Maria. Padri mmoja wa Hispania aliutungia sauti nne zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Zamani hizo kila sauti ilikuwa na kitabu chake. Mwimbaji wa sauti ya kwanza hakuona walichoandikiwa wengine. Mmishonari Mwitaliano aliyejenga kigango alivinakili vitabu vinne kwa mkono, akaviacha Ruiri alipofariki. Mwalimu Kaimenyi aliandika barua kwa miaka kumi na minne, Roma, Madrid, kila mahali, akitafuta nakala nyingine. Hakuna aliyewahi kuuona wimbo huo.

"Na mchwa walikula kipi?" Rwamba aliuliza.

"Cha sauti ya nne. Besi. Ubeti wa mwisho wote uliisha."

Kwa hiyo Mwalimu aliketi mwaka mzima akitunga mwenyewe besi ya ubeti ule, ili ikae vizuri chini ya zile sauti tatu zilizobaki. Aliimaliza Ijumaa. Jumamosi aliileta mazoezini, ukurasa mmoja wa solfa, noti za do-re-mi, ulioandikwa kwa penseli. Katika mstari wa mwisho aliingiza mahadhi ya wimbo aliokuwa akiimbiwa na mamake, na alipowaambia, kwaya nzima ilicheka, naye akacheka. Besi walikuwa watatu. Walisoma wote kwenye ukurasa uleule, wakaurudia mara nne, kisha Mwalimu akauchukua na kuutia kwenye faili lake. Saa tisa waliachana. Yeye alibaki kupandisha vitabu kwenye sanduku la bati huko roshani.

Karwirwa alifungua simu yake. Binamu yake aliyekaa Embu alikuwa ameweka mtandaoni kipande cha video, kwaya yao ikifanya mazoezi Jumatatu jioni. Walikuwa wakijiandaa kwa tamasha la kwaya la Jumamosi inayofuata. Sauti nne zilipanda na kushuka, na Rwamba, ambaye hakuwa mtu wa kwaya, aliacha kuandika akasikiliza.

"Huo ndio ubeti wa mwisho," Karwirwa alisema. "Hiyo ndiyo besi ya Mwalimu. Neno kwa neno, noti kwa noti."

Anayewaongoza alionekana mgongo tu, lakini Karwirwa alimjua: Misheck Gachoki, aliyepata kuwa mwanafunzi wa Kaimenyi na aliyepewa naye nakala ya sauti tatu zilizobaki. Rwamba alimwuliza kama mmoja wa wale besi watatu hangeweza kumpigia Gachoki simu na kumwimbia. Badala ya kungoja jibu alizichukua namba zao, akawapigia mmoja mmoja palepale, akaomba kila mtu aimbe mstari ule wa mwisho. Wa kwanza alikwama katikati. Wa pili alikwama palepale. Wa tatu, Murungi, aliomba msamaha na kusema bila karatasi hawezi. Hakuna aliyekuwa na namba ya Gachoki.

Rwamba alikuwa ameshasimama Karwirwa aliposema kwamba wale wa Embu wameuharibu kidogo mwisho. Wanafumba midomo na kuguna mstari mzima wa mwisho. Mwalimu hakutaka hivyo hata kidogo. Jumamosi alimgombeza Murungi mbele ya watu kwa kufumba mdomo, akamwambia neno la mwisho liimbwe kinywa wazi kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde.

Rwamba aliliandika hilo kwenye daftari, akalipigia mstari.

Konstebo Munene aliendesha gari. Walipita Nkubu na Chuka, wakavuka mto Thuci, na saa tano kasoro walikuwa Embu, mtaa wa Dallas, mbele ya nyumba ya ghorofa yenye geti la bluu. Mlango wa juu ulifunguliwa na mwanamke aliyejitambulisha kuwa Susan, mke wa Gachoki. Alisema mumewe hakwenda shuleni kufundisha leo, ana maombolezo. Aliwakaribisha, akaenda jikoni kuchemsha chai.

Misheck Gachoki alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na mitatu, mwembamba, mwenye sauti ya upole. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema alichukuliwa na Mwalimu Kaimenyi mamake alipofariki, akakaa nyumbani kwake Kaaga miaka miwili, akala mezani kwake. Kila alichokijua kuhusu muziki alikipata kwa mzee yule.

Rwamba alimpa pole. Kisha akamwuliza besi ya ubeti wa mwisho aliipata wapi.

Gachoki alijibu bila kusita kwamba aliletewa na padri mmoja wa Italia, kwa barua pepe. Barua hiyo? Aliifuta kwa bahati mbaya simu ilipojaa. Jina la padri? Angelitafuta. Rwamba aliitikia kwa kichwa kana kwamba ameridhika, akamwomba aicheze kwenye kinanda, mstari wa mwisho tu, sauti ya nne peke yake. Gachoki alisita kidogo hapo. Kisha akatoa kitambaa kilichofunika kinanda, akacheza.

Susan alikuwa akiingia na sinia la chai na nduma. Alisimama mlangoni mpaka noti ya mwisho, akatabasamu.

"Hiyo naijua," alisema. "Sijui mbona umeificha, baba Ndwiga. Ni ya kufukuza ndege kwa mawele. Nyanya yangu alikuwa anaimba hiyo kule Igoji, sisi tukiwa na makopo."

"Una hakika, mama?" Rwamba alimwuliza.

"Wamama wote wa kwetu wanaijua."

Susan alimtazama mumewe, kisha mgeni, na tabasamu likamtoka. Aliweka sinia mezani taratibu, lakini hakuondoka.

Rwamba alimweleza Gachoki, bila kupandisha sauti, kwamba padri wa Hispania wa miaka mia nne iliyopita hakupata kulinda mawele Meru. Mstari ule ulitungwa Kaaga. Ulimalizwa Ijumaa, ukaimbwa Jumamosi, na kuanzia saa tisa ya siku hiyo ulikuwa kwenye ukurasa mmoja tu duniani.

Gachoki alifunika kinanda. Alichukua muda mrefu kukinyoosha kitambaa. Alipoketi tena alikuwa na maelezo mapya. Alikiri kwamba alikwenda Ruiri Jumamosi kwa pikipiki yake, akafika kama saa tisa na nusu, na Mwalimu akampa ukurasa ule kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa siri yao wawili, kwa sababu kwaya ya Ruiri ingelalamika ikijua Embu wataimba kwanza. Alimwacha mzee akiwa mzima, amesimama chini ya ngazi, na mlango uko wazi.

"Alinipea kama baba anavyompea mtoto, madam. Ndiyo maana sikutaka kusema. Ningeonekanaje?"

Ilikuwa hadithi nzuri. Ilimrudisha Njuki moja kwa moja mahali pake, mtu wa mwisho mwenye ufunguo. Rwamba alikunywa chai. Munene, aliyekaa karibu na mlango, alidhani kwamba wamefika mwisho wa barabara.

"Aliwaelekeza namna ya kuimba mwisho?" Rwamba aliuliza.

"Alinielekeza, ndiyo."

"Kufumba midomo."

"Ndiyo. Alitaka waimbe wamefumba."

"Ilikuwa imeandikwa?"

"Hapana. Alinionyesha mwenyewe. Aliniimbia."

Rwamba aliweka kikombe. Alimwambia kwamba kuanzia hapo si lazima aseme lolote, na kwamba atakalosema litaandikwa na laweza kutumika kortini. Alihakikisha ameelewa. Kisha akafungua daftari.

"Saa nane na nusu Jumamosi, Mwalimu Kaimenyi alimgombeza mwimbaji wake kwa kufumba mdomo kwenye mstari huo. Kwaya nzima ilisikia. Saa moja baadaye wewe unasema alikuimbia akiwa amefumba. Unajua ni kwa nini alifumba?"

Gachoki alilitazama daftari.

"Taya lake lilikuwa limepasuka. Hakuweza kuufungua mdomo. Alikuimbia baada ya kuanguka, mwalimu Gachoki, si kabla. Na wewe umekwenda kuwafundisha watu arobaini kuguna vile."

Uso wa Gachoki haukubadilika upesi. Ulikuwa kama uso wa mtu anayehesabu noti za wimbo kichwani, anayerudi nyuma kutafuta alipokosea. Kisha alifunika macho kwa kiganja.

Aliyasema yote kwa dakika chache, na Rwamba aliandika, ingawa alijua maungamo rasmi yatachukuliwa na ofisa mwingine asiye katika kesi. Alikuwa amemwomba Mwalimu besi ile mara tatu kwa simu. Mara tatu Mwalimu alisema Ruiri waimbe kwanza, mwezi wa Agosti, kwenye sikukuu ya Mama Maria, ndipo Embu wapewe. Lakini yeye alikuwa ameshamwambia paroko na kwaya yake kwamba anao wimbo mzima, na jina lake lilikuwa limeshachapishwa kwenye ratiba ya tamasha kuwa ndiye aliyeuokoa. Alipofika kanisani mlango ulikuwa wazi na Mwalimu alikuwa katikati ya ngazi, faili kwapani. Aliomba tena. Mwalimu alimjibu bila kugeuka kwamba alimfundisha kila kitu isipokuwa kungoja. Hapo alilishika faili akavuta. Ngazi iliteleza. Mzee alianguka, uso ukagonga ukingo wa benchi.

Karatasi zilitapakaa. Aliutafuta ukurasa ule, akaupata. Mstari wa mwisho uliandikwa kwa penseli hafifu na haukusomeka vizuri.

Alikitazama kinanda. Rwamba alimngoja.

"Nilipiga magoti nikamuuliza mstari unaendaje."

"Ulimuuliza."

"Nilimwambia nitaenda kutafuta gari, lakini kwanza anionyeshe. Akanionyesha."

"Mara ngapi?"

"Mbili. Mara ya kwanza sikushika."

Baada ya hapo alifunga mlango kwa kufuli, akaondoka na ufunguo wa Mwalimu. Alisema alifunga ili mbuzi wasiingie. Alikusudia kweli kutafuta gari, alisema. Alipofika barabarani aliona ni afadhali apige simu kutoka Meru mjini, ambako hakuna anayemjua. Alipofika Meru akaona ni afadhali Nkubu. Nkubu ilipompita akasema Chuka. Kwenye daraja la Thuci alisimamisha pikipiki, akatupa ufunguo majini, na baada ya hapo hakufikiria tena habari ya simu.

Susan alikuwa bado amesimama karibu na meza. Alikwenda chumbani. Walisikia droo ikifunguliwa. Aliporudi alikuwa na ukurasa mmoja uliokunjwa mara mbili, na hakumtazama mumewe alipompita. Alimpa Rwamba mkononi. Alisema Jumamosi jioni mumewe alifua suruali yake mwenyewe, jambo ambalo halijapata kutokea tangu waoane, naye akamshukuru.

Munene alimfunga pingu. Kwenye ngazi jirani mmoja alimwamkia, "Habari ya mwalimu," na Gachoki akaitikia, "Salama."

Njuki aliachiliwa Alhamisi asubuhi. Alitia sahihi mahali alipoonyeshwa, akapewa mshipi wake na rozari. Aliuliza habari ya koti. Rwamba alimweleza kwamba koti lina damu ya marehemu, kwa hiyo ni kielelezo, na halitatoka mpaka kesi iishe. Huenda mwaka, huenda miwili. Ulikuwa mwezi wa Julai, wa baridi, na ukungu ulikuwa haujapanda mlimani. Rwamba alimwomba radhi kwa niaba ya ofisi. Mzee alisema hakuna neno. Kisha akaeleza kwamba katekista alimtembelea seli jana, akamwambia kamati imeshabadilisha kufuli na kumpata mtunzaji mwingine, kijana, asiye na makuu. Hata hivyo walimwahidi kwamba anaweza kuja Misa kama Mkristo mwingine yeyote. Akatoka kwa shati tu, mikono ameikumbatia kifuani.

Iliyobaki ilikuwa kazi ambayo Rwamba hakutaka kumwachia mtu mwingine. Alikwenda Kaaga kwa miguu.

Gladwell alimpokea sebuleni. Viti vya plastiki vya waombolezaji vilikuwa vimepangwa ukutani, na nje wanawake walimenya viazi. Alisikiliza yote bila kumkatiza. Rwamba hakuficha kitu. Alikuwa amejifunza kwamba kinachofichwa nyumbani husomwa kortini.

Alipomaliza, mama yule alionyesha kiti alichokalia Rwamba.

"Alikaa hapo Jumatatu," alisema. "Misheck. Nilimpikia. Alikula akaomba aongezewe."

Aliendelea kusimulia, sauti yake kavu. Misheck alilia sana mpaka yeye ndiye akawa anamtuliza. Aliomba aingie chumba cha Mwalimu akae na vitabu vyake kidogo, akakaa saa nzima. Alijitolea kuongoza kwaya siku ya mazishi, naye mjane akakubali na kumshukuru, akamwambia baba angefurahi. Kisha alimwambia kinachomuuma kuliko yote ni kwamba mumewe alikufa peke yake, bila mtu wa kumshika mkono.

"Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Mama, hakuwa peke yake.' Nikadhani anamsema Mungu."

Rwamba alitazama chini.

Gladwell aliuliza kama mumewe alimtaja. Rwamba alijibu ukweli, kwamba hakuweza kutamka, taya lilikuwa limepasuka.

"Lakini aliimba."

"Ndiyo, mama."

"Yule alipokosea, akamwimbia tena."

"Ndiyo."

Mama aliinuka. Alisema huyo ndiye mumewe kabisa. Alimfundisha aliyemuua mpaka mwisho, na yeye hakuachiwa hata neno. Alisema hayo bila kulia. Kisha alichukua simu mezani, akampigia Karwirwa mbele ya Rwamba, akamwambia kwa Kimeru, taratibu, ili aeleweke, kwamba Jumamosi, siku ya mazishi, kwaya wasije na vitabu. Hataki wimbo. Hataki hata mmoja. Karwirwa alisikika akisihi upande wa pili, na Gladwell alimngoja amalize, akarudia maneno yaleyale, akakata.

Basi Jumamosi saa sita mchana, Mwalimu Kaimenyi, aliyefundisha kwaya miaka arobaini na minne, alizikwa Kaaga bila kuimbiwa. Watu walijaa mpaka barabarani. Kwaya ya Ruiri walisimama pamoja, wamevaa sare zao, mikono mitupu. Katekista alisoma sala, watu wakaitikia, na kila alipotua wengi walivuta pumzi kwa mazoea ya kupokea wimbo, kisha wakaiachia. Rwamba alisimama nyuma kabisa, akasikia udongo ukitupwa, sepetu baada ya sepetu, mpaka kaburi likajaa.